Kilimia Kushoto, Shi'ra Kulia: Dari ya Nyota ya Grand Central na Kosa Lake

Ukumbi mkuu wa stesheni ya Grand Central, New York, una urefu wa mita 84 na upana wa mita 37. Dari yake ya tao iko mita 38 juu ya sakafu, na imepakwa buluu yenye ukijani. Juu ya buluu hiyo pamechorwa kwa dhahabu makundi ya nyota ya majira ya baridi, jumla ya nyota kama 2,500, na kama 60 kati yake huwaka kwa taa. Ni dari maarufu kuliko karibu dari zote za nyota duniani, na imekosewa. Mashariki imekaa magharibi, na magharibi imekaa mashariki.

Stesheni ilifunguliwa tarehe 2 Februari 1913. Machi haijaisha, abiria mmoja wa New Rochelle aliyezoea kutazama mbingu akasema wazi kwamba nyota zimegeuzwa. Leo ni zaidi ya miaka 110 na hakuna aliyezirudisha. Dari ilifunikwa, ikachorwa upya, ikasafishwa, na kosa likapita salama kila mara.

Wazo lilikuwa la msanifu Whitney Warren na mchoraji Mfaransa Paul César Helleu, mwaka 1912. Waliopanda jukwaani na kuchora ni James Monroe Hewlett na Charles Basing pamoja na wasaidizi wao. Ramani ya nyota waliipata kwa Harold Jacoby, profesa wa falaki wa Chuo Kikuu cha Columbia, na maumbo ya wanyama na watu yanafuata atlasi ya Johann Bayer iliyochapishwa mwaka 1603. Kwa hiyo wataalamu hawakukosekana.

Wanaosoma ukurasa wa nyota magazetini watayatambua makundi yaliyomo, tena kwa mpangilio wake: Ndoo, Samaki, Kondoo (wengine huandika Punda), Ng'ombe, Mapacha na Kaa. Zaidi ya buruji hizo sita yumo Jabari, yule mwindaji mwenye mkanda wa nyota tatu, na Farasi mwenye mabawa, na Pembetatu, na Nzi mdogo ambaye wanafalaki wa leo hawamhesabu tena. Mistari miwili ya dhahabu inakatiza dari: mmoja ni ikweta ya mbingu, yaani mstari unaopita mbinguni moja kwa moja juu ya ikweta ya dunia, mwingine ni njia ya jua.

Hapa pana jambo ambalo mtu wa Mombasa ana haki ya kulicheka kidogo. New York iko karibu nyuzi 41 kaskazini ya ikweta. Kule ikweta ya mbingu haipiti juu ya kichwa cha mtu hata siku moja; huinama kusini, karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi wa mbingu. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini. Toa mkeka uani katikati ya Januari, saa nne na robo hivi usiku, ulale chali: mkanda wa Jabari unapita karibu kabisa na utosi wa mbingu, nyuzi mbili hadi nne tu upande wa kaskazini. Mbingu ile waliyoiweka darini kwa Wamarekani, sisi ndio tunaolala chini yake.

Sasa kosa lenyewe. Ramani ya nchi ikitandazwa mezani, kaskazini ikiwa juu, mashariki huwa kulia. Ramani ya nyota inayofuata jinsi mbingu inavyoonekana kutoka ardhini ni kinyume: kaskazini juu, mashariki kushoto. Si kosa la mchapaji. Ramani hiyo imetengenezwa ishikwe juu ya kichwa, uso wake ukitazama chini. Elekea kusini, inua karatasi juu yako, na mashariki ya karatasi itaangukia mashariki ya kweli. Itandaze sakafuni uso juu, kaskazini yake ikielekea kaskazini, na mashariki yake inaangukia magharibi. Fundi aliye jukwaani akitazama karatasi miguuni pake, akapandisha kila nukta moja kwa moja juu, amechora mbingu ya kwenye kioo. Hesabu zake zote zitakuwa sahihi na dari yote itakuwa mbovu.

Maelezo yaliyoenea sana, na yanayohusishwa na ukoo wa Vanderbilt wenye reli, ni kwamba dari inaonyesha mbingu kama Mungu anavyoiona kutoka nje. Ni kweli tufe za kale za nyota zilichorwa hivyo. Lakini hoja hiyo inaangushwa na Jabari. Kama mbingu yote ingekuwa imetazamwa kutoka nje, naye angegeuka pamoja na wenzake. Yeye amechorwa sawasawa, ilhali jirani zake Ng'ombe na Mapacha wamegeuzwa, umbo na mahali. Kwa hiyo Ng'ombe amejikuta upande wa mkono ulioinuliwa wa Jabari, mahali ambapo wangekaa Mapacha. Huo si mtazamo wa Mungu wala wa mwanadamu. Inaelekea ni kazi iliyonakiliwa vipande vipande, vingine vikashikwa vizuri na vingine vikashikwa kinyume.

Mtu aliyewahi kuhamisha mchoro kwa karatasi ya matundu anajua jinsi jambo hili lilivyo rahisi. Unachora umbo kwenye karatasi, unatoboa mstari kwa sindano kila milimita tano hivi, unaibandika ukutani na kuipigapiga kwa kitambaa chenye unga wa mkaa. Unga hupita matundu na kuacha nukta. Karatasi hiyo ina nyuso mbili na unga hupita zote mbili. Ukiigeuza bila kujua, hakuna kitakachokuonya. Dawa ni ndogo mno: kabla ya kutoboa, andika neno moja kubwa kwenye kila karatasi. Likisomeka kinyumenyume ukiwa chini ya dari, karatasi imegeuka.

Kosa la pili la Grand Central lilikuwa maji, na hili ndilo lililoiua dari ya kwanza. Rangi ya 1913 ilipakwa juu ya lipu. Paa likavuja, ukungu ukaingia, na kufikia miaka ya 1930 picha ilikuwa imechakaa vibaya. Mwaka 1944 na 1945 kampuni ya reli haikuifufua, iliifunika. Mbao za saruji na asbesto, futi nane kwa nne kila moja, zilipigiliwa juu ya ile ya zamani, kisha nyota zikachorwa upya juu ya mbao, kwa ufundi mdogo kuliko wa kwanza. Kwa hiyo wageni wanaopiga picha leo na kusema wameona dari ya 1913 wanaona ya 1945. Ya kwanza imezikwa nyuma yake. Ukitazama kwa darubini ndogo, viungo vya mbao vinaonekana kama mistatili.

Kosa la mashariki na magharibi lingeweza kurekebishwa wakati huo bila gharama ya ziada, maana uso ulikuwa mtupu. Halikurekebishwa. Hapo huwezi tena kuwalaumu mafundi wa mwanzo.

Karibu na Samaki pana tundu dogo jeusi. Lilitobolewa mwaka 1957, roketi ya Redstone iliposimamishwa ukumbini kama maonyesho na kebo ikahitaji mahali pa kupita. Karibu na Kaa, kwenye kona ya kaskazini-magharibi, pana kipande cheusi cha mstatili kilichoachwa makusudi wakati wa usafishaji mkubwa wa miaka ya 1990, ulioongozwa na wasanifu Beyer Blinder Belle, hadi stesheni ikazinduliwa upya tarehe 1 Oktoba 1998. Kipande hicho kinaonyesha dari ilivyokuwa imekuwa nyeusi. Wengi hudhani ni moshi wa garimoshi. Haiwezekani: baada ya ajali ya Januari 1902 kwenye njia ya chini ya Park Avenue, sheria ilipiga marufuku injini za mvuke huko kuanzia Julai 1908, na stesheni hii ilijengwa kwa treni za umeme. Simulizi inayosikika zaidi ni kwamba weusi ule ni lami ya sigara za abiria. Wengine walioushughulikia wanasema ni masizi ya mji, ya magari na viwanda. Vyovyote iwavyo, uliondoka kwa kupanguswa na sabuni isiyo kali. Ni jambo la kukumbukwa na kila anayetaka kukwangua dari chafu kabla ya kujaribu kitambaa chenye maji.

Tuje kwetu. Kwa mtu wa Mji wa Kale neno dari lina uzito zaidi, maana ni dari na ni ghorofa vilevile: boriti za mikoko, mawe ya matumbawe na chokaa juu yake. Dari ya namna hiyo haifai kwa mbingu. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, na nyota zikikatizwa na boriti kila hatua hazisomeki. Tuchukulie mnataka kuchora mbingu kwenye dari ya ukumbi wa shule, maktaba au kituo cha jamii wenye mita 12 kwa 7, urefu ukienda mashariki na magharibi.

Kabla ya rangi, paa. Panda juu wakati wa mvua za masika, si kiangazi, uangalie dari kutoka ndani kwa tochi. Doa lolote la kahawia litibiwe kwenye bati au mfereji wake, si kwa kulipaka rangi. Ikiwa jengo ni la zamani na lina vigae au mbao za asbesto, msizitoboe, msizikate, msizipige msasa. Muiteni mwenye leseni ya kuziondoa au mchague jengo jingine. Mbao mpya ziwe za saruji isiyo na asbesto, au jipsamu inayostahimili unyevu. Jipsamu ya kawaida kwa hewa ya Mombasa hulegea na kushuka katikati kama machela. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida, hata zile zilizopakwa zinki, hupambana na chumvi ya bahari kwa muda tu, kisha kila kichwa cha skrubu hutoa doa la kahawia na mbingu yako inapata nyota ambazo hakuna mnajimu anayezijua.

Lipu ya saruji ikae siku 28 kabla ya rangi, ya chokaa ikae zaidi. Lipu mbichi ina ukali unaounguza rangi ya mafuta ikageuka kama sabuni. Ukali huohuo huua buluu ya Prussia, ikawa kahawia. Buluu ya altramarini haidhuriwi na chokaa. Ndiyo iliyokuwa kwenye nili ya kufulia ya zamani, ile ya vipande, ambayo watu walichanganya na chokaa ya kuta. Nili ya maji ya siku hizi mara nyingi ni rangi ya nguo tu na jua huimaliza. Dukani ulizia rangi isiyodhuriwa na chokaa, na ikiwa chini ni chokaa, iwe pia inayopitisha mvuke. Rangi ya plastiki nzito juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani, chumvi inasukuma, na baada ya msimu mmoja unaona malengelenge.

Eneo ni mita za mraba 84. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja wa rangi, kwa hiyo mikono miwili ni lita 17. Nunueni 20 na mzichanganye zote kwenye pipa moja kabla ya kuanza. Ndoo mbili zilizochanganywa siku tofauti hazifanani, na tofauti haionekani mpaka taa ziwashwe. Kama dari ni ya tao, pima kwa kufuata mpindo wenyewe. Tao la nusu duara lenye upana wa mita 7 sakafuni lina mita 11 kule juu, na hapo hesabu zote hubadilika.

Kupanga nyota ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, mradi usinakili kwa macho. Orodha za nyota hutoa namba mbili kwa kila moja: saa zake za kuelekea mashariki (si saa za usiku, ni kipimo cha umbali mbinguni), na nyuzi zake kaskazini au kusini mwa ikweta ya mbingu. Chukua sentimita 10 kwa kila nyuzi moja. Saa moja ni nyuzi 15, yaani mita 1.5. Mita 12 za urefu zinabeba saa nane, na mita 7 za upana zinabeba nyuzi 35 kila upande wa ikweta. Weka katikati ya dari saa 5 na dakika 30, mahali pa Jabari. Piga uzi wenye chaki katikati kwa urefu: hiyo ndiyo ikweta. Piga mwingine kwa upana katikati.

Kutoka hapo, nyota nyekundu ya bega la Jabari, Betelgeuse, inakaa sentimita 63 mashariki na 74 kaskazini. Rigel, mguu wake, sentimita 39 magharibi na 82 kusini. Aldebaran, jicho la Ng'ombe, mita 1.35 magharibi na 1.65 kaskazini. Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo kwenye Ng'ombe, mita 2.58 magharibi na 2.41 kaskazini. Shi'ra (Sirius), nyota ing'aayo kuliko zote usiku, ile iliyotajwa katika Surat An-Najm, mita 1.88 mashariki na 1.67 kusini. Karibu na kingo za kaskazini na kusini maumbo hutanuka kidogo, asilimia 15 kwenye nyuzi 30, na hakuna atakayelalamika.

Mashariki ipi? Mombasa ina bahati. Makka iko karibu kwenye longitudo yetu, kwa hiyo anayeelekea kibla hapa ameelekea kaskazini, na mashariki iko kuliani mwake. Simama katikati ya ukumbi ukielekea kibla, tazama juu: Kilimia kushoto, Shi'ra kulia. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, nao walijua kinazama kabla ya Jabari anayekifuata nyuma. Kwa hiyo darini kiwe karibu na ukuta wa magharibi kuliko Jabari.

Kama jengo limekaa upande na kuta hazifuati mashariki, mbingu inaweza kuzungushwa bila dhambi. Kugeuzwa ndiko kusikokubalika, na kipimo chake hakihitaji dira: tembea chini ya dari kutoka Shi'ra kuelekea Kilimia. Betelgeuse lazima iwe mkono wako wa kulia. Ikiwa kushoto, mmechora kioo. Rudia kipimo kwa kila kundi, maana Grand Central inaonyesha kwamba kundi moja linaweza kufaulu na jirani yake akaanguka.

Ukubwa wa nyota ufuate mwanga wake: Shi'ra sentimita 8, za daraja la kwanza 5, la pili 3.5, la tatu 2, la nne 1. Kwenye eneo hili, hadi daraja la nne, ni kama nyota mia na ushee. Kijitabu kimoja cha karatasi 25 za dhahabu halisi, sentimita 8 kwa 8, kinatosha. Chukueni viwili kwa zitakazoraruka. Dhahabu ya bandia, ambayo ni shaba na zinki, ni rahisi, lakini isipofunikwa kwa vanishi hewa ya bahari huifanya ya kijani kisha nyeusi. Gundi yake ya mafuta hukawia kukauka kwenye unyevu wetu. Usifuate saa zilizoandikwa kwenye kopo. Gusa kwa kifundo cha kidole. Ikivuta na kutoa mlio mdogo bila kubaki kidoleni, bandika. Feni zote zizimwe kwanza, la sivyo dhahabu itaruka hadi barazani.

Taa ziwe chache. Grand Central, kwa ukubwa wake wote, iliwasha kama nyota moja kati ya 40; kwenu tatu au nne zinatosha, na mkiongeza mkanda wa Jabari ni sita au saba. Siku hizi njia nzuri ni nyuzi za plastiki za kupitisha mwanga, zote zikitoka kwenye kisanduku kimoja cha taa. Kisanduku kikae mahali fundi umeme anapofika kwa ngazi ya kawaida, si juu ya dari chini ya bati, ambako joto la mchana hukausha nyuzi zikawa ngumu na kukatika. Kila tundu lizibwe kwa silikoni kuuzunguka uzi. Tundu lililo wazi huingiza vumbi, na katika msimu wa kumbikumbi huingiza mengine. Mjusi naye hufuata mlo.

Jukwaa lisiondolewe siku ya kumaliza. Liacheni usiku mmoja, zimeni taa za ukumbi, mumuite mtu ambaye hakushiriki kazi, aliyezoea bahari ikiwezekana, atembee kutoka Shi'ra hadi Kilimia na aseme bega jekundu liko mkono gani.